Shujaa ni Nani? Fikra juu ya Kiti Cheusi cha Hedd Wyn

Neno shujaa ni miongoni mwa maneno tuyatumiayo kwa wepesi mno. Twampa aliyeua simba, twampa aliyefunga bao, twampa askari aliyeanguka vitani, na pengine twampa mtu yeyote aliyefariki dunia maadamu mazishi yake yamehudhuriwa na wakubwa. Neno likitumiwa hivyo hupauka kama kanga iliyofuliwa siku nyingi: maandishi bado yapo, lakini hayasomeki. Katika makala haya twakusudia kulirudisha neno hilo kwenye mizani, tupate kujua uzito wake.

Na ili tusizungumze hewani, tumechagua maisha ya mtu mmoja wa mbali, mshairi wa taifa dogo la Wales. Alitunga shairi refu liitwalo kwa lugha yake "Yr Arwr", yaani "Shujaa", akalipeleka mashindanoni kutoka kambi ya jeshi, likashinda, na siku jina la mshindi lilipoitwa, mwenyewe alikuwa amekwisha kuzikwa siku nyingi. Watu wa taifa lake humwita shujaa hata leo. Swali letu ni hili: je, ushujaa wake ulikuwa katika jambo gani?

Mchungaji na elimu yake

Mshairi huyo alizaliwa tarehe 13 Januari 1887, katika kijiji cha Trawsfynydd, kaskazini mwa Wales. Wazazi wake walimpa jina la Ellis Humphrey Evans. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto 11, na alilelewa katika shamba la milimani liitwalo Yr Ysgwrn, ambako jamaa zake walifuga kondoo. Shule aliiacha akiwa na umri wa miaka kama 14, akashika fimbo ya uchungaji. Kwa vyeti, basi, hakuwa msomi.

Lakini tusikosee tukadhani kwamba hakuwa na elimu. Baba yake, ambaye naye alikuwa mpenzi wa utunzi, alimpatia kitabu cha kanuni za ushairi angali kijana mdogo, naye akazishika kanuni hizo barabara. Na kanuni za Wawelisi si nyepesi. Katika bahari zao za jadi mshororo haukamiliki kwa vina vya mwisho peke yake. Konsonanti za nusu ya kwanza ya mshororo hutakiwa zirudi katika nusu ya pili kwa mpangilio ule ule, au sauti zilingane ndani kwa ndani. Sisi tuliolelewa katika vina na mizani, tukafundishwa kuutenga ukwapi na utao, twaweza kukisia jasho la mtu atungaye mamia ya mishororo ya namna hiyo huku akichunga kondoo mvuani.

Tena lugha yenyewe ilikuwa lugha iliyodharauliwa. Tangu sheria ya mwaka 1536 Kiingereza kilikuwa ndicho lugha ya mahakama katika Wales. Katika karne ya 19 zilikuwako shule ambazo mtoto aliyesikiwa akisema Kiwelisi alivikwa kibao shingoni, na kibao hicho kikapita kutoka mtoto hadi mtoto, mpaka jioni aliyekutwa nacho akaadhibiwa. Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki hawana haja ya kuelezwa zaidi, kwani desturi hiyo ilifika hata katika shule zetu. Hata hivyo Wawelisi hawakuiacha lugha yao. Waliitunza majumbani, makanisani, na katika mashindano yao ya utunzi na uimbaji yaitwayo Eisteddfod, ambayo huanzia katika vijiji na kuishia katika tamasha kuu la taifa. Mshindi wa utunzi wa bahari za jadi hupewa kiti kilichochongwa kwa ufundi, na desturi ya kumtunza mshairi kiti imetajwa tangu mwaka 1176.

Ellis alipata kiti chake cha kwanza mwaka 1907, katika mji wa Bala, akiwa na umri wa miaka 20. Mwaka 1910 washairi wenziwe walimpa lakabu ya Hedd Wyn. Hedd ni amani, na wyn ni weupe, au baraka. Twaweza kusema kwamba aliitwa Amani Nyeupe, miaka minne kabla ya dunia kuingia vitani. Alizidi kushinda viti vingine mwaka 1913 na 1915, na mwaka 1916, katika tamasha la taifa mjini Aberystwyth, akawa wa pili. Kiti kikuu kilikuwa kimemponyoka kidogo tu.

Ndugu wawili na sheria moja

Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, Hedd Wyn hakukimbilia jeshini. Hakuwa mtu wa kupenda vita, na mashairi yake ya wakati huo yanavisikitikia, hayavishangilii. Lakini mapema mwaka 1916 serikali ya Uingereza ilipitisha sheria ya kuwalazimisha vijana wasiooa kuingia jeshini. Wakulima walihitajika mashambani, lakini si wote wa nyumba moja. Pale Yr Ysgwrn palikuwa na vijana wawili waliofikiwa na sheria hiyo: Ellis mwenyewe na mdogo wake Robert. Mmoja angebaki kulima, na mmoja angekwenda.

Akaenda kaka mtu. Mwanzoni mwa mwaka 1917 alifunzwa uaskari katika kambi ya Litherland, karibu na Liverpool. Majira ya kulima yalipofika aliruhusiwa kurudi nyumbani kwa majuma kadhaa kusaidia kazi za shamba, na katika majuma hayo alilifanyia kazi shairi lake la "Shujaa". Mwezi wa Juni alivushwa bahari hadi Ufaransa. Shairi alilimalizia katika kijiji cha Fléchin, na kati ya mwezi wa Julai akalituma kwa wasimamizi wa mashindano. Kanuni ya mashindano ilitaka kila mtunzi ajifiche nyuma ya jina la kupanga, ili waamuzi wahukumu shairi wala si mtu. Yeye alijiita "Fleur-de-lis", jina la ua kwa lugha ya Kifaransa.

Tarehe 31 Julai 1917, siku ya kwanza ya vita vya tatu vya Ypres nchini Ubelgiji, kikosi chake kilipelekwa kwenye kilima cha Pilckem. Huko alipigwa na kombora, akafa siku hiyo hiyo, akiwa na umri wa miaka 30. Alizikwa karibu na kijiji cha Boezinge. Katika makaburi hayo hayo amelala mshairi mwingine aliyeuawa siku ile ile, naye ni Francis Ledwidge wa Ireland.

Siku 37 baadaye, tarehe 6 Septemba, tamasha la taifa lilifikia kilele chake mjini Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Mji huo umo katika Uingereza, lakini Wawelisi wengi walikuwa wakiishi upande huo. Waziri Mkuu David Lloyd George, ambaye mwenyewe alikuwa Mwelisi, alikuwapo. Waamuzi walitangaza kwamba kiti ni cha "Fleur-de-lis". Tarumbeta zikapigwa, jina likaitwa, mshindi asimame. Hakusimama mtu. Likaitwa mara ya pili, na mara ya tatu. Ndipo hadhara ilipoambiwa kwamba mshindi ameuawa vitani. Kiti kikafunikwa nguo nyeusi mbele ya watu waliokuwa wakilia, kisha kikapelekwa kwa wazazi wake kule milimani. Tangu siku hiyo tamasha lile huitwa Tamasha la Kiti Cheusi. Na fundi aliyekichonga kiti, Eugeen Vanfleteren, alikuwa mkimbizi wa Kibelgiji, mtu wa nchi ile ile ambayo udongo wake ulikuwa umemfunika mshindi.

Kuupima ushujaa

Sasa turudi kwenye swali letu. Wako wasemao kwamba Hedd Wyn ni shujaa kwa sababu alikufa vitani. Jibu hili ni jepesi, na ndilo tulisikialo mara nyingi, lakini halisimami. Kombora halichagui. Siku ile maelfu ya watu waliuawa na kujeruhiwa katika uwanja ule wa vita, wa pande zote mbili, wajasiri na waoga, waliotaka kuwapo na wasiotaka. Kama kifo peke yake ndicho kinachomfanya mtu shujaa, basi sifa yote ni ya mzinga, kwani ndio uliotenda na mtu alitendwa. Twaweza kumlilia aliyekufa, na yatupasa, lakini kulia ni jambo moja na kusifu ni jambo jingine.

Wako wengine wasemao kwamba alikuwa shujaa kwa sababu aliitii nchi yake. Hapa nasi tulio watumishi wa serikali yatupasa tuseme kwa hadhari. Utii wa sheria ni jambo jema, na bila huo hakuna taifa. Lakini afanyaye jambo kwa kulazimishwa, hata likiwa jema, hawezi kusifiwa nalo sawasawa na aliyelifanya kwa hiari. Sheria ile ilimtaka kijana mmoja kutoka Yr Ysgwrn. Kama si huyu, ni yule. Kwa upande wa sheria hapakuwa na hiari.

Hiari ilikuwa mahali padogo sana, ndani ya nyumba moja, kati ya ndugu wawili. Pale ndipo Ellis alipoweza kuchagua, na hapo ndipo alipochagua. Hakuwa na uwezo wa kuvisimamisha vita, wala wa kuibadili sheria, wala wa kuupunguza mzigo. Uwezo aliokuwa nao ulikuwa mmoja tu: kusema mzigo huo utakaa bega gani. Akauweka begani pake. Robert akabaki akalima. Kwa maoni yetu, kama tunatafuta tendo la ushujaa katika maisha ya mtu huyu, hatuna haja ya kwenda hadi kilima cha Pilckem. Tendo lilikwisha kutendeka nyumbani, kabla hajavaa sare.

Mtu aweza kutupinga hapa, na hoja yake ni nzito. Atasema: kama kweli hakupenda kuua, kwa nini hakukataa? Wako maelfu ya vijana katika Uingereza ya wakati ule waliokataa kwa ajili ya dhamiri zao, wakadhihakiwa, na wengi wakafungwa. Je, hao si mashujaa zaidi? Hatutaki kuikwepa hoja hii. Wale waliokataa walitenda jambo gumu, na historia imewatendea haki kwa uchache mno. Lakini tuiangalie hali ya Ellis kama ilivyokuwa. Aliyekataa akiwa peke yake alilipa kwa mwili wake mwenyewe. Ellis angekataa, deni lingehamia kwa mdogo wake. Kwake yeye, kuilinda dhamiri yake kungekuwa kumtoa nduguye. Haya ndiyo magumu ya maadili ambayo vitabu huyapita upesi: si siku zote mtu huchagua kati ya jema na baya, pengine huchagua kati ya wajibu na wajibu. Hatusemi kwamba aliyechagua kama Ellis amemshinda aliyechagua vingine. Twasema kwamba yeyote achaguaye katika hali hiyo, akalipa mwenyewe gharama ya uchaguzi wake asimtwike mwingine, amelifikia neno shujaa.

Liko na jambo la pili. Mtu aliyetiwa katika jeshi, lugha ya amri ikiwa si yake, akili yake ikingoja kifo, angesamehewa kama angeliacha shairi lake. Hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alilimaliza, tena kwa kanuni zile zile ngumu, bila kuzilegeza kwa kisingizio cha vita. Ndani ya shairi hilo wasomaji wengi wameona kivuli cha Prometheus, yule wa hadithi za Wayunani aliyewaletea wanadamu moto akaadhibiwa kwa wema wake. Shujaa aliyemtunga, basi, si mwenye kuua wengi. Ni yule anayeteswa kwa sababu ya kuwapa wengine nuru. Kwa hiyo hata katika fikra zake Hedd Wyn alilipima neno hili kwa mizani ileile tunayoitafuta sisi.

Heshima inayokuja kwa kuchelewa

Tukishakubali hayo, bado kiti chenyewe kinatuuliza swali. Heshima apewayo mfu inamfaa nani?

Haikumfaa aliyepewa. Wazazi walipokea kiti badala ya mwana. Umma uliokusanyika ulipata faraja, na faraja si kitu cha kudharau. Lakini katika hadhara ile ile alikuwamo mkuu wa serikali iliyompeleka mchungaji yule vitani. Hatuna haki ya kusema kwamba huzuni yake ilikuwa ya uongo. Twasema tu kwamba heshima kubwa ina hatari yake: yaweza kuwa pazia. Watu wakishalia pamoja mbele ya kiti cheusi, huenda wakarudi majumbani wakidhani kwamba hesabu imelipwa, wala asiulize mtu kwa nini kiti kilikuwa kitupu. Vita viliendelea katika uwanja ule ule wa Ypres hadi Novemba, na vijana wengine wa Wales wakazidi kufa humo.

Sisi tulioshinda miaka mingi maofisini na huku tukitunga mashairi tunalijua jambo hili kwa sura yake ya kwetu. Tumeona jinsi taazia ya mtunzi inavyoandikwa kwa siku moja, ikapigwa chapa na kusomwa redioni, na hali barua yake ya kuomba muswada wake usomwe ilikaa katika jalada miaka mingi bila kujibiwa. Ni rahisi kumsifu asiyeweza tena kuomba kitu. Taifa linalosubiri mtu afe ndipo limtambue linajiheshimu lenyewe, halimheshimu yeye.

Sanamu mbili

Watu wa Trawsfynydd walimsimamishia Hedd Wyn sanamu ya shaba mwaka 1923, nayo ilifunuliwa na mama yake mzazi. Walikuwa na hiari ya kumvika sare na kumpa bunduki, kwa kuwa alikufa askari. Hawakufanya hivyo. Sanamu ile inamwonyesha mchungaji. Twaona hekima katika uamuzi huo: walimkumbuka kwa maisha aliyoyachagua, hawakumkumbuka kwa kazi aliyolazimishwa.

Miaka minne baadaye, mwaka 1927, sanamu nyingine ya shaba ilisimamishwa katikati ya Dar es Salaam, kwa ajili ya vita hivyo hivyo. Yeye ni askari wa Kiafrika mwenye bunduki, na hana jina. Mwafrika aliyekufa kwa wingi zaidi katika vita vile hata hakuwa na bunduki: alikuwa mpagazi. Waingereza na Wajerumani walipigana katika sehemu hizi za Afrika hadi Novemba 1918, na risasi, chakula na dawa zao vilibebwa kwa vichwa vya watu. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, homa na kuhara. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Jina la Kariakoo tulitajalo kila siku sokoni limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, na wengi walitajao hawajui kwamba wanataja msiba. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba angalau watu 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na kwamba huenda idadi yao ikafika 350,000.

Kwa nini tumeileta habari hii katika makala ya mshairi wa Wales? Kwa sababu bila shaka miongoni mwa wapagazi wale walikuwamo wengine waliochukua mzigo ili mdogo mtu abaki nyumbani. Walikuwamo pia walioweza kutunga. Ikiwa ushujaa ni jambo tulilolieleza, basi wao walikuwa nao sawasawa na Hedd Wyn. Tofauti ni kwamba yeye aliacha shairi, akawa na taifa lililojua kulisoma, na mwaka 1918 mashairi yake yakakusanywa na kuchapishwa. Umaarufu, basi, si kipimo cha ushujaa. Umaarufu ni kipimo cha kumbukumbu, na kumbukumbu ni kazi ya walio hai.

Neno la mwisho kwa walimu na wanafunzi

Tumesema kwamba shujaa hatambulikani kwa kifo chake, wala kwa wingi wa watu mazishini, wala kwa shaba. Hutambulikana kwa mahali alipokuwa na hiari, hata pakiwa padogo, na kwa mzigo aliokubali kuuchukua hapo ili usimwangukie mwingine. Kipimo hiki kinawafaa hata wasiokwenda vitani. Dada aliyeacha masomo ili wadogo zake wasome anaweza kupimwa nacho. Mwalimu abakiye katika shule ya mbali, ambako mwenziwe angepelekwa, anaweza kupimwa nacho.

Mama yake Hedd Wyn alitaka mlango wa Yr Ysgwrn usifungwe kwa mgeni yeyote ajaye kukiona kiti cha mwanawe. Jamaa zake walilishika neno lake kwa miongo mingi, na tangu mwaka 2012 nyumba hiyo imekuwa chini ya uangalizi wa umma. Kiti kimo humo hadi leo. Wao walikuwa na mlango wa kuacha wazi. Sisi, kwa wapagazi wetu, hatuna nyumba wala kiti. Tuna masimulizi, na wenye kuyajua wanapungua. Kwa hiyo twapendekeza kazi moja kwa kila darasa litakalosoma makala haya. Mwanafunzi arudi kwao aulize ni nani katika ukoo au kijiji aliyechukuliwa upagazi katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918. Aulize jina lake, jina la baba yake, alikwenda wapi, alirudi au hakurudi, na ni nani aliyebaki nyumbani kwa sababu yeye alikwenda. Ayaandike majina hayo kwa mwandiko safi, na mwalimu ayahifadhi katika maktaba ya shule.